Vidole Vilivyochukuliwa

Mwalimu Emerensiana Kapinga hakuwa mtu wa kuruka swali. Mwanafunzi akiuliza jambo asilolijua, hakumkaripia wala hakumwambia akae chini. Alisema, "Hilo silijui, nitalitafuta," na kweli alilitafuta. Kwa tabia hiyo wanafunzi wa shule ile ya wazazi, iliyofunguliwa mlimani juu ya ziwa, upande wa kwenda Ngumbo, walimheshimu kuliko walimu wenye vyeti vikubwa kumzidi.

Mwaka tisini na tano, kipindi cha masika, alikuwa akifundisha kidato cha pili maneno ya Kiingereza ya kuelezea milango ya fahamu: kitu kitamu, kichungu, chenye kelele, chenye mwanga hafifu. La mwisho aliloandika ubaoni lilikuwa numb. Akalitamka, darasa zima likamfuata: nam.

Matilda, binti wa mvuvi, aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, hiyo b mwishoni inafanya kazi gani kama haisikiki?"

Darasa likacheka. Emerensiana naye akacheka.

"Na maana yake ni nini?" akauliza mwingine.

"Ni kiungo kisichosikia kitu. Umekalia mguu vibaya, ukitaka kusimama unakuta umekufa ganzi. Hiyo ndiyo numb."

"Kwa hiyo Waingereza nao wanasema umekufa?" Matilda akauliza tena.

"Sijui wanasema ume nini," alisema Emerensiana. "Nitatafuta. Na hiyo b nayo nitaitafuta."

Alipokuwa akifuta ubao, kitambaa kilimponyoka mkono wa kushoto kikaanguka. Haikuwa mara ya kwanza. Tangu Krismasi kidole chake kidogo na jirani yake vilikuwa vizito, kama vidole vya mtu mwingine vilivyoazimwa. Alijiambia ni kulalia mkono. Juu kidogo ya kiwiko palikuwa na baka lililofifia rangi, na lingine begani, lakini blauzi zake zote zilikuwa za mikono mirefu, hivyo hakuna aliyeyaona ila yeye, naye hakuyatazama sana.

Alikuwa Mmatengo wa milimani, kutoka vijiji vya kahawa juu ya Mbinga. Aliteremka ziwani kwa sababu ya kazi, akaolewa huko huko na Praygod, afisa uvuvi aliyeletwa na serikali kutoka Machame, Mlutheri mpole, mwenye kupiga pasi hata soksi. Walikuwa na mtoto mmoja, Eunice, aliyekuwa bado hajaanza shule. Maisha yao hayakuwa mabaya. Shida iliyokuwa ikimnyima Praygod usingizi ni maneno ya redioni kwamba serikali inapunguza watumishi. Biashara ilikuwa imeachiwa huru, viwanda vinauzwa, wanunuzi wa kahawa wa kila aina wamejaa milimani na malori yao, na wenye kazi za ofisini walikuwa wakiamka kila siku wakijiuliza kama bado wanahitajika.

Kamusi ya shule ilikuwa ndogo, haikusema asili ya maneno. Jumamosi mchana Emerensiana akatembea hadi Liuli, kwa Bibi Gertrude. Huyu alikuwa muuguzi mstaafu, Mnyasa wa pale pale, aliyepelekwa ujanani kusomea kazi Uingereza, na masista Waingereza walipoondoka walimwachia kamusi kubwa isiyo na jalada. Aliiweka mezani chini ya Biblia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Leo umefuata neno gani?" Bibi alimjua.

Akatenga chai, akaimimina kwenye vikombe vya bati. Emerensiana akakiegemeza chake kwenye ukingo wa kiganja cha kushoto, mkono wa kulia ukifunua kurasa. Akalipata. Akasoma polepole, akimtafsiria Bibi kadiri alivyosoma. Zamani sana, Kiingereza kilikuwa na kitenzi niman, maana yake kuchukua. Mtu au kitu kilichochukuliwa, kilichokamatwa, kikaitwa kwa jina lililotokana na kitenzi hicho, na miaka ilivyokwenda jina likabaki kwa kiungo kilichonyang'anywa hisia zake. Ile b haikuwamo kabisa. Waandishi waliibandika baadaye, wakifuata maneno mengine yenye b ya kimya.

"Kumbe sisi tunasema kiungo kimekufa, wao wanasema kimechukuliwa," alisema Emerensiana, uso umemchangamka. "Na tazama hapa, Bibi. Kuna ndugu yake. Nimble, mtu mwepesi wa mikono. Nalo limetoka kwenye kuchukua kule kule. Mmoja ni mwepesi wa kuchukua, mwenzake amechukuliwa. Watoto watafurahi!"

 Bibi Gertrude alikuwa ameshika kikombe chake kwa upindo wa kanga maana kilikuwa hakishikiki kwa moto, naye alikuwa akitazama mkono wa mgeni wake.

"Mwanangu," alisema, "weka kikombe chini."

"Kwa nini?"

"Kiweke chini kwanza."

Emerensiana akakiweka. Upande wa kiganja, chini ya kidole kidogo, ngozi ilikuwa nyekundu imeanza kuvimba. Bibi akainuka, akachomoa pamba kidogo kwenye mto, akaisokota ncha.

"Fumba macho. Kila nikikugusa, nionyeshe kwa kidole cha kulia mahali nilipogusa."

Alifumba. Akaguswa kifundoni mwa mkono, akaonyesha. Kwenye kidole gumba, akaonyesha. Katikati ya kiganja, akaonyesha. Kisha kukawa kimya. Akasikia kuku wakiparua nje na watoto wakibishana ufukweni. Akangoja.

"Mbona umeacha, Bibi?"

"Sijaacha. Fumbua macho."

Pamba ilikuwa juu ya kidole chake kidogo. Bibi alikuwa akiipeleka mbele na kuirudisha nyuma, taratibu, kama mtu anayefuta vumbi.

"Una mabaka mwilini?" aliuliza Bibi.

Emerensiana akasimama. Alisema amechelewa, kwamba mtoto atakuwa analia, kwamba mkono ule aliulalia vibaya. Bibi alimfuata hadi mlangoni. "Siku hizi ugonjwa huu una dawa, mwanangu. Nenda hospitali wiki hii hii, usisubiri. Mshipa hausubiri." Lakini Emerensiana alikuwa ameshavuka ua.

Kilichomkimbiza hakikuwa Bibi. Emerensiana alikuwa bado mtoto mdogo, kule milimani, siku shangazi yake Kunigunda alipochukuliwa. Kunigunda alikuwa dada wa baba yake, mwanamke mwenye sauti kubwa aliyejua kusuka ukili kuliko wote kijijini. Siku moja gari la misheni lilisimama chini ya ngoro, yale mashimo ya kulimia ya mteremkoni, watu wawili wakapanda wakashuka naye, na alasiri ile ile wajomba na majirani wakaibomoa nyumba yake na kuchoma miti yake. Emerensiana aliuliza shangazi yuko wapi. Mama yake akasema, "Amechukuliwa." Alipouliza tena alipigwa kofi. Neno ukoma halikutamkwa. Jina Kunigunda nalo halikutamkwa tena, na mtoto akakua akijua kwamba kuchukuliwa ni namna ya kufa ambayo haina kaburi.

Ndiyo maana hakwenda hospitali. Alikwenda Mbinga mjini, kwenye duka la dawa. Maduka hayo yalikuwa yamefunguliwa kila kona, na mwenye duka hakuuliza swali. Alilitazama baka la mkono kwa mbali, akasema ni fangasi, akampa dawa ya kupaka na vidonge vya vitamini. Dawa ya kupaka ilipokwisha akanunua nyingine. Mvua ikaisha, upepo wa mwera ukaanza kupiga ziwani, na vidole vile viwili vikaanza kujikunja kuelekea kiganjani, kidogo kidogo, kama jani linalokauka. Alijifunza kushika daftari juu yake ili visionekane. Matilda alikumbusha swali lake darasani. Kwa mara ya kwanza mwalimu alijibu, "Tuendelee na somo," na wanafunzi wakatazamana.

Siku siri ilipofichuka ilikuwa ya kawaida. Jioni, jua bado liko juu ya maji, Emerensiana alikuwa akisonga ugali, Praygod amesimama mlangoni mwa jiko akimweleza habari alizopata ofisini: kwamba orodha ya watakaopunguzwa inaandaliwa, kwamba mwenye dosari yoyote atatangulia. Emerensiana alikuwa amekazia sufuria kwa mkono wa kushoto uliozungushiwa kitambaa. Kitambaa kikateleza. Hakujua.

 Praygod akanusa.

"Mama Eunice! Mkono!"

Akatazama. Vidole vyake vilikuwa vimegandia ukingo wa sufuria, na ngozi ilikuwa inatoa moshi. Ndipo akapiga kelele. Lakini kelele hiyo ilichelewa, tena ilikuwa ya uongo, na katika kuchelewa kwake Praygod alipata jibu la mambo mengi aliyokuwa ameyaona bila kuyauliza.

Alimvuta kutoka motoni, akaumwagia mkono maji. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hukusikia?"

"Sikusikia."

"Tangu lini husikii?"

Akamwambia. Alimwambia yote: Bibi Gertrude, pamba, duka la dawa, shangazi. Alipomaliza Praygod alikuwa ameuachia mkono wake. Hakuwa ameutupa, aliuweka tu juu ya paja lake mwenyewe Emerensiana, kwa uangalifu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. Kisha akatoka nje akanawa. Alinawa muda mrefu. Kutoka jikoni aliweza kumsikia akisugua.

Hakumtukana. Labda angemtukana ingekuwa nafuu. Siku zilizofuata alilala kwenye mkeka sebuleni, akala kwa sahani aliyoiosha mwenyewe, na Eunice akitaka kupanda mapajani mwa mama yake aliitwa akaonyeshwe kitu nje. Wiki haikuisha, Praygod akasema amepata likizo, anampeleka mtoto kwa bibi yake Machame.

"Atarudi lini?"

"Tutaona."

"Baba Eunice, nakuuliza atarudi lini."

"Unataka nikujibu nini?" alisema Praygod, na machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Unataka ashike sufuria naye asisikie?"

 Emerensiana alimvalisha mtoto gauni lake la kanisani kwa mkono mmoja, mkono wenye bandeji ameuficha mgongoni. Eunice alifurahia safari. Alipunga mkono kutoka juu ya pikapu mpaka gari likapotea kwenye kona ya mlima.

Siku hiyo hiyo, kwa kuwa hapakuwa tena na cha kuficha, alikwenda hospitali ya misheni. Mtu aliyempokea aliitwa Nathanieli, mratibu wa kifua kikuu na ukoma, kijana mrefu aliyezunguka wilaya nzima kwa pikipiki na kuvaa buti hata kwenye jua kali. Alimpima kwa pamba, kwa kalamu, akapapasa nyuma ya kiwiko na kupata mshipa umevimba unene wa kamba ya katani.

"Mnanichukua lini?" aliuliza Emerensiana.

"Kukuchukua wapi?"

"Huko mnakowapeleka."

Nathanieli akacheka, kisha akaona mwenzake hachekeshwi, akaacha. "Mwalimu, hachukuliwi mtu siku hizi. Unakaa kwako, unafundisha. Kila mwezi unakuja hapa unameza dozi mbele yangu, nyingine unameza nyumbani. Hulipi kitu. Ukishaanza dawa humwambukizi mtu. Miaka miwili, umemaliza."

"Na vidole vitarudi?"

 "Ungekuja vilipoanza tu, tungeutuliza mshipa. Kinachokuumiza sasa dawa itakiua. Lakini kilichokwisha kwenda..." Akafungua mikono yake mitupu. Kisha, akijaza kadi, akauliza, "Wewe ni Kapinga wa wapi?" Alipotajiwa kijiji, akainua uso. "Kwenye makazi ya waliougua ukoma, upande wa Songea, yuko bibi mmoja Kapinga wa huko huko kwenu. Kunigunda. Bibi mwenye mdomo huyo! Kila nikienda ananigombeza."

Emerensiana alidhani hakusikia vizuri. Akamwomba arudie.

Dawa zilikuwa kali. Mkojo ulitoka mwekundu siku ya dozi kubwa, na baada ya miezi ngozi yake, iliyokuwa ya maji ya kunde, ikaanza kuwa nyeusi yenye wekundu ndani yake, kama udongo uliochomwa. Watu wakaona. Mwanamke aliyekuwa akimuuzia dagaa wa usipa sokoni akaanza kumwekea fungu chini badala ya kumpa mkononi. Mkuu wa shule akamwita ofisini, akazunguka zunguka na maneno, akaishia kusema ingefaa apumzike mwezi mmoja hivi mpaka wazazi watulie. Hakubishana. Alirudi nyumbani, akafunga nyumba, akaondoka kumtafuta shangazi yake.

Alishuka kutoka milima ya Mbinga kwa lori la kahawa, akashinda Kitai akingoja basi, na hatimaye akafika makazini mchana wa jua. Alitarajia mahali pa kutisha. Alikuta vijumba vilivyopigwa chokaa, bustani za vitunguu, na watoto wazima kabisa wakikimbizana. Aliuliza, akaonyeshwa. Mwanamke mzee alikuwa ameketi kizingitini akifunga mafungu ya kisamvu kwa kiganja na meno. Vidole vyake vilikuwa vifupi, vingine havipo.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Shangazi wa nani?" Sauti ilikuwa ile ile, kubwa.

"Mimi Emerensiana. Wa kaka yako Bernadi."

 Mzee akatoa mdomoni kamba ya mgomba aliyokuwa akifungia.

"Bernadi bado anakohoa?"

"Baba alifariki, shangazi. Zamani."

"Hawakuniambia." Akafunga fungu jingine, akaliweka pembeni, akalisawazisha na mengine. "Aliugua sana?"

"Sana."

"Alinitaja?"

Emerensiana alitaka kudanganya, akashindwa. Akalia. Shangazi yake alimwacha alie mpaka akachoka, kisha akamwuliza amefuata nini, maana watu wa kule hawakuwahi kufika na hakudhani wameanza leo kwa sababu ya mapenzi. Ndipo akakunja mkono wa blauzi akamwonyesha.

Kunigunda aliushika mkono ule kati ya viganja vyake viwili. Tangu Praygod alipouachia jikoni, hakuna mtu aliyeushika bila sababu ya kupima.

"Nyumbani walituambia umechukuliwa," alisema Emerensiana. "Nilidhani umekufa. Na juzi juzi nimesoma kitabuni kwamba Waingereza hiki kidole kisichosikia wanakiita hivyo hivyo. Kilichochukuliwa."

Mzee akacheka, kicheko kikavu. "Waambie hao Waingereza wamekosea. Mimi nilichukuliwa, sawa, kwa gari, na nilipopona hakuna aliyekuja kunirudisha, na nyumba mlikuwa mmeshabomoa. Lakini vidole hakuna aliyenichukulia. Ugonjwa hauli vidole. Hivi niliviacha mwenyewe kwenye mafiga, kimoja baada ya kingine, na hiki hapa panya walikitafuna nimelala. Kwa nini? Kwa kutoangalia. Mkono usiosikia unautazama kwa macho. Kila jioni unaukagua kama unavyomkagua mtoto akitoka kucheza. Umewahi kuukagua huo?"

"Nilikuwa siutazami kabisa."

"Naona," alisema shangazi, akigeuza lile kovu la sufuria.

Alikaa naye mpaka likizo ya lazima ilipoelekea kwisha. Akafundishwa kushika sufuria kwa vijiti, kuloweka mkono maji na kuupaka mafuta, kuvinyoosha vidole kwa nguvu juu ya goti ili visijikunje zaidi. Siku ya kuondoka alimsihi shangazi waende wote, akaishi naye ziwani.

"Nikakae kwa nani?" alisema Kunigunda. "Niliolewa hapa hapa, na mume wangu amezikwa hapa. Wewe njoo, ukitaka. Ukija njoo na chumvi."

Aliporudi alikuta nyumba imefunguliwa. Praygod alikuwa sebuleni, peke yake, bado amevaa koti la safari. Alisema likizo, aliyoongezewa bila malipo, imekwisha, na kwamba Eunice amebaki Machame. Bibi yake hataki kumtoa mpaka matibabu yaishe.

"Na wewe?" aliuliza Emerensiana. "Wewe unataka nini?"

"Mimi naogopa."

"Umepimwa?"

Akainamisha kichwa.

"Baba Eunice, tumelala kitanda kimoja miaka yote hii. Umekimbia mkono wangu mpaka Kilimanjaro, na ngozi yako mwenyewe hujaitazama?"

Hakuwa ameitazama. Alikuwa akioga kwenye giza, alikiri, ili asione. Kesho yake walikwenda kwa Nathanieli. Emerensiana alikaa kwenye benchi akamtazama mumewe akivua shati, akitetemeka kwa namna ambayo ingemchekesha siku nyingine, akifumba macho na kuonyesha kwa kidole mahali alipoguswa, bila kukosea hata mara moja. Alikuwa mzima. Alipoambiwa, alikaa chini sakafuni. Hakumshika mkewe, lakini walirudi wakitembea sambamba, na jioni alikula chungu kimoja naye. Mkeka wa sebuleni ulichukua muda mrefu zaidi kuondoka. Orodha ya ofisini ilipotoka hakuwamo, na kwa muda hilo lilimfanya awe mwema kwa kila mtu. Akatuma habari Machame mtoto apimwe hospitali ya huko. Naye alikuwa mzima.

Shuleni Emerensiana alirudishwa bila sherehe. Mwalimu wa Kiingereza aliyeletwa badala yake alikuwa ameacha kazi akafungua duka la mitumba Mbinga, na hakupatikana mwingine. Wazazi wachache waliwahamisha watoto wao. Siku ya kwanza aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, wazi, vidole vimejikunja, akawaambia wanafunzi jina la ugonjwa wake. Halafu akamwambia Matilda habari ya ile b, kwamba ilibandikwa tu, na habari ya kuchukuliwa, na ya ndugu yake nimble, aliye mwepesi wa mikono. Matilda aliandika yote. Hakuna aliyecheka. Wavulana wawili wa nyuma walisogeza madawati yao nyuma zaidi, mpaka ukutani, nao walibaki huko muhula mzima.

Eunice alirudi dawa zilipokwisha. Praygod alimfuata, na Emerensiana akawangoja Kitai, basi la Songea lilipokuwa likishusha abiria kati ya wauza ndizi. Mtoto alikuwa amerefuka, anaongea Kiswahili chenye lafudhi ya Machame. Alimtazama mama yake kwa muda, akarudi nyuma ya suruali ya baba yake.

"Huyu siye," alisema. "Mama hakuwa mweusi hivi."

"Ndiye," alisema Praygod. "Msalimie mama yako."

"Shikamoo," alisema mtoto, akitazama chini.

Njia nzima ya kuteremka ziwani alilala mapajani mwa baba yake. Rangi ya dawa ilianza kuondoka polepole baada ya hapo, lakini mtoto hakuisubiri. Alizoea kwa namna ya watoto, leo hatua moja mbele, kesho amerudi nyuma. Alikubali kusukwa nywele. Alikataa kulishwa. Kuna siku alisema, bila ubaya wowote, kwamba bibi alimwambia asishike mkono ule hata akipewa pipi.

Mchana mmoja wa jua walikuwa ufukweni wanaosha vyombo, maji ya moto kwenye beseni la kutolea masizi, mengine baridi ya ziwani. Eunice alikuwa akimtazama mama yake anavyoukagua mkono baada ya kila chombo, akiugeuza mbele na nyuma. Akasogea. Akakishika kidole kidogo kilichojikunja, akajaribu kukinyoosha. Kikagoma.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Hata nikibonyeza?"

"Hata ukibonyeza."

Akabonyeza. Kisha akabonyeza kwa ukucha, kwa nguvu zake zote, ulimi nje, akimtazama mama yake usoni aone kama anadanganya. Emerensiana alimwacha. Aliona alama ya ukucha ikizama kwenye ngozi, akaona ikibaki pale, akaona vidole vidogo vya mwanawe vimekizunguka kidole chake. Aliona kila kitu.

"Basi sasa," alisema baadaye. "Lete sufuria, maji yanapoa."